Siku Niliyofundisha Herufi P

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipomiminika kijijini kwetu Kagunga, nilikuwa mwalimu wa chekechea, na nilijiona hodari kweli. Chuoni tuliambiwa mtoto haelewi herufi mpaka aone kitu chenyewe. Basi siku ya herufi P, mpumbavu mimi, nikaja darasani na panga langu la shambani. Nikaliinua juu.

“P, panga!”

Watoto wa kijijini wakaitikia kwa kelele. Wale wapya, waliovuka mpaka wiki ile ile, wakakimbilia mlangoni wakikanyagana. Hasira zikanipanda. Nikaipiga meza kwa ubapa wa panga mpaka ubao wake ukapasuka, nikafoka, “Kaeni chini!”

Hakuna aliyerudi. Kwenye mkeka alibaki msichana mmoja wa miaka kama mitano, amemlalia mdogo wake, amemfunika mwili mzima. Nikamsogelea, panga bado mkononi, nikamwamuru ainuke.

Hakulia wala hakuinuka. Aligeuza uso tu, akaniomba kwa Kirundi, ambacho sisi Waha hatuhitaji mkalimani kukielewa, nianze na yeye.