Barua Iliyotundikwa Juu ya Duka la Mabati

Asubuhi hiyo nilitoka mtaa wetu wa Wabera na mkoba mmoja, sijui ninakoenda. Nilijua tu kwamba siwezi tena kukaa na dada yangu mdogo tukinywa chai bila kusemezana. Barabarani nilikuta lori lililoleta mbuzi sokoni, sasa linarudi Garbatulla na magunia ya unga. Dereva aliniambia nipande juu. Nikapanda.

Miaka mitatu iliyopita, mimi ndiye niliyempeleka chuoni. Mimi niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhamahama. Yeye ndiye aliyesoma. Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati, na kilitangaza shahada ya uuguzi. Yeye akijaza fomu, mimi nilisoma kila kitu ukutani, maana siwezi kupita maandishi bila kuyasoma. Kulikuwa na barua ndani ya fremu, yenye muhuri mkubwa wa bluu. Kila mzazi aliyeingia aliutazama ule muhuri akaridhika. Mimi nilisoma maneno. Yalisema ombi la kuidhinishiwa kozi limepokelewa. Basi. Hakuna mahali yaliposema limekubaliwa.

Nilimuuliza karani. Aliniangalia viatu kwanza.

"Mzee, wewe ulisoma mpaka wapi?"

Wazazi waliokuwa kwenye benchi walicheka. Nami nikacheka nao, nikanyamaza.

Mtaani walianza kumwita daktari kabla hajamaliza muhula wa kwanza. Akina mama walimletea watoto wenye kikohozi hadi mlangoni. Akiwaambia waende hospitali, waliondoka wakisema daktari ameamua. Alikariri majina ya mifupa akipika, mimi nikishika kitabu kumsahihisha.

Mwezi uliopita yeye na wenzake walienda kujiandikisha kwa mtihani wa leseni, wakaambiwa kozi yao haijawahi kuidhinishwa. Bila mtihani huo hakuna wodi itakayompokea. Walirudi chuoni, na karani yule yule akawaambia idhini iko njiani, wawe na subira. Barua bado iko ukutani. Hata vumbi wameipangusa.

Nilimweleza dada yangu nilichosoma siku ile. Nilidhani atafarijika kujua kwamba wote walidanganywa na muhuri, si yeye peke yake.

"Uliisoma," alisema.

"Niliisoma."

"Halafu ukanishikia kitabu miaka mitatu."

Jana yake jirani alimwita dada yangu "daktari", naye akaitika. Hapo ndipo niliposhindwa kukaa.

Tulifika Garbatulla alasiri, nywele zangu zimejaa unga na vumbi. Nilielekezwa nyumba ya wageni yenye vyumba vinne. Pale mlangoni palikuwa na leseni ya biashara ndani ya fremu, nikasimama kuisoma, mkoba ukiwa bado begani. Mama mwenye nyumba alichoka kungoja.

"Mgeni, unataka chumba ama unataka hiyo karatasi?"

"Mama, hii iliisha mwaka jana."

Aliangalia leseni, akaniangalia mimi, akacheka. Alisema wageni wote hupita hapo na hakuna aliyewahi kusema. Kisha akanipa ufunguo wa chumba cha mwisho.

Maneno yalikuwa yamenitoka bila shida yoyote, kwa mtu nisiyemjua, kuhusu karatasi isiyomuumiza mtu. Nililala na viatu miguuni.