Maombi Niliyomnyima Josiane

Nakumbuka vizuri waliokuwa mlangoni asubuhi ile pale kijijini kwetu Nkanka: mimi, mdogo wangu Josiane, mdogo wetu wa mwisho Justin, jirani yetu Maman Neema, na dereva wa pikipiki aliyekuja kumpeleka Josiane kwenye gari la kwenda mjini Kamembe. Wazazi wetu walikuwa wamekufa miaka sita kabla.

Mwanangu, baba alipokuwa hai, hakuna aliyetoka kwetu kwenda mbali bila kuombewa. Msafiri alipiga magoti mlangoni, baba akamwekea mkono kichwani. Alipokufa, kazi hiyo ikaniangukia mimi, mkubwa. Niliombea kila mtu. Mbuzi wa Maman Neema alipopelekwa sokoni, Justin alinitania nimwekee mkono naye.

Mimi niliacha shule darasa la tano ili wadogo zangu wapate kula. Nilitaka kuwa mwalimu. Miaka yote hiyo nilivuka daraja la mpakani kwenda kuuza Bukavu, beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani, kichwani, na kila asubuhi nilimwambia Mungu: bado nataka. Kisha ndoto ikafika nyumbani kwetu, ikanipita mimi, ikamchukua Josiane. Alipata nafasi katika shule ya ualimu, ya bweni.

Asubuhi ile alivaa sketi ya shule, ya bluu. Ilimkaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Niliitazama kiunoni nikapima kwa macho kama ingenienea.

Alipiga magoti. Mimi nikainama kukaza kamba ya godoro nyuma ya pikipiki.

“Maman, muache,” dereva akacheka. “Iyi godoro imefungwa kama mbuzi ya Noeli. Haitakimbia!”

“Yaya,” Josiane akaita. Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku. “Yaya, niko nakungojea.”

“Gari litakuacha. Nenda.”

Alibaki magotini kidogo. Kisha akainuka mwenyewe, akapangusa vumbi, akapanda. Aligeuka mara mbili. Nilimwona, nikajifanya natafuta kitu chini.

Maman Neema alingoja pikipiki ipotee. “Mutoto umemupatia godoro, ndoo, sabuni. Neno moja ndiyo limekushinda?”

“Maman, ile sketi ilikuwa yangu.”

“Ilikuwa? Nani alikuambia Mungu alishona moja tu? Weye uliacha lini kuomba yako, ukabaki kuangalia ya mwenzako?”

Tangu barua ya shule ifike, sikuwa nimejiombea hata siku moja. Njaa ilishindwa kuninyang’anya ndoto yangu; wivu uliweza kwa majuma matatu.

Ilinichukua miaka mingi kuirudia ndoto hiyo. Leo nina mvi, na kila Jumamosi nasoma darasa la watu wazima kanisani. Mwaka huu nitafanya mtihani wa shule ya msingi pamoja na watoto wa umri wa wajukuu zangu. Josiane ni mwalimu. Akija na vumbi la chaki kwenye mkono wa koti, bado kitu kinanichoma hapa kifuani. Sitakudanganya.

Mwanangu, shida itakuchosha, lakini unaweza kuibeba pamoja na ndoto yako. Jihadhari zaidi na siku mwenzako atakapopewa kile ulichokuwa ukikiomba wewe. Imani yako itapimwa hapo. Mwombee kwa sauti, hata kama unatetemeka kwa wivu, kisha rudi kwa Mungu umwambie: bado nataka. Usiache kusema hivyo, hata ukiona haya.

Mungu akushikie ndoto yako mikono yako ikichoka, na akupe moyo mpana kwa wanaokutangulia.

Mimi bado nina deni. Josiane hajawahi kuniuliza habari za asubuhi ile. Kila Noeli anakuja, anapika, tunacheka. Akiwa anaondoka namsindikiza hadi njiani, nainua mkono wangu kuelekea kichwani kwake, unafika begani, na hapo unabaki.