Ukuta Ulioliwa na Kuku

Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuuliza. Nyanya, mama yake baba, alikuwa akiniita Mdomo, na sikuona ubaya wowote. Mdomo nilipewa wa nini kama si kuuliza?

Miaka ile, Uhuru ukiwa bado mchanga, Krismasi ya kwetu Mundika haikutoka dukani. Tuliichimba mtoni, tukaichuma shambani, nyingine tukaiokota jalalani. Tulikata tawi la saiprasi, tukalisimamisha ndani ya debe la mchanga, kisha tukalitundikia pamba ya shambani kwetu, kwa kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili alisema miti ya Ulaya huwa na theluji. Nilimwuliza theluji ni nini. Akasema ni barafu laini. Nikamwuliza barafu ni nini. Akaniambia nikae chini.

Minyororo ya kuning'iniza darini tuliitengeneza kwa karatasi za sukari, zile za buluu, na karatasi za kung'aa za majani ya chai. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa muhogo. Hayo yote yalikuwa kazi ya watoto. Pambo lenyewe, lile ambalo watu walitembea kuja kulitazama, lilikuwa ukuta. Kila mwanamke alisiriba nyumba yake upya kabla ya Krismasi, akapaka ukanda mweusi chini na udongo mweupe juu, kisha akachora kwa vidole mapambo anayoyajua yeye. Na mwanamke mwingine hakuruhusiwa kumshikia ukuta wake, hata awe mama mkwe. Nani aliweka sheria hiyo? Niliuliza, sikujibiwa.

Mwaka huo ukuta wetu ulikuwa umepauka na kupasuka. Mdogo wangu, mtoto wa kunyonya, alikufa kwa surua wakati wa palizi, na tangu tumzike mama alikaa ndani. Alipika akiambiwa, alikula akiambiwa. Shangazi, dada yake baba, alikuja akasema mbele yangu, kana kwamba mimi ni kigoda, ati ukuta ukifika Krismasi hivi, basi nyumba hiyo haina mwenyewe. Baba akija likizo kutoka Malaba, alikokuwa akipakia mizigo kwenye stesheni ya reli, amrudishe mama kwao Marachi akapumzike.

Nilimwuliza nyanya, wanaorudishwa kwao kupumzika hurudi lini? Nyanya alinyamaza, na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza. Hapo niliogopa kweli.

Nikaamua kumpa mama zawadi ya Krismasi. Nitampa ukuta uliokwisha pakwa. Nilimwuliza nyanya kama mimi naruhusiwa, maana sheria ilisema mwanamke mwingine. Aliacha kumenya muhogo, kisu mkononi.

"Wewe umetoka tumboni mwake," akasema. "Paka. Mimi sishiki. Lakini macho ninayo."

Basi alikaa kwenye kigoda chake akimenya muhogo, nami nikafanya kazi kwa maswali. Weusi hutoka wapi? Kwenye mawe ya tochi yaliyokufa. Nilikwenda mjini Busia kwa mwenye duka tuliyezoea kununua sukari kwake, Mwislamu mmoja mpole, akanipa mawe ya tochi aliyokuwa ameyatupa nyuma ya duka, na kipande cha bluu ya kufulia juu yake.

"Mwambie mama pole. Na Krismasi njema," akasema.

Nilimwuliza yeye Krismasi inamhusu nini. Akacheka.

"Unafikiri sukari ya chai yenu ya Krismasi huwauzia nani kama si mimi?"

Nilipasua yale mawe, nikatwanga unga mweusi wa ndani, nikauchanganya na mavi ya ng'ombe. Udongo mweupe nilichimba mtoni, kisha nikaponda kipande cha bluu na kukitia humo nione kitatokea nini. Ikatoka rangi ya mbingu asubuhi. Nilifurahi mpaka nikasahau kwa nini naifanya kazi hiyo. Lakini nilipoijaribu, ilikauka ikawa vumbi na kunipaka gauni.

"Nyanya, hii itashikwa na nini?"

"Minyororo yako umeishikisha na nini?"

"Uji."

"Haya. Tia uji."

Nilitia uji. Ukashika vizuri sana. Nilichora mawimbi ukuta mzima wa mbele, mama akiwa ndani asiulize hata hizo kelele ni za nini. Nililala nimechoka, nikingoja asubuhi aione zawadi yake.

Asubuhi tuliamshwa na kuku. Ukuta ulikuwa ukigongwa ko ko ko, kuku wote wa boma wamejipanga wanadonoa, na mbuzi wa jirani amesimama pembeni analamba mbingu yangu kwa utulivu kabisa. Niliona nitalia. Kisha mlango ukafunguliwa, na mama akatoka. Aliwafukuza kuku, akagusa ukuta, akaonja kidole.

"Nani ametia uji kwenye ukuta wangu?"

Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu mazishi. Nyanya, kwenye kigoda chake, hakuinua kichwa.

"Mimi ni mzee, nimesahau. Kwani hutiwa nini?"

"Mrenda, mama! Maji ya mrenda! Hata mtoto anajua."

"Huyu mtoto wako hajui," nyanya akasema. "Nani wa kumfundisha?"

Mama akajifunga leso kiunoni na kunituma shambani nikachume mrenda, ile mboga ya kuteleza. Nilipokimbia kupita kwa nyanya nilimwuliza kwa sauti ya chini kama kweli amesahau. Akasema nisichelewe. Tangu hapo nimewauliza wake wote walioolewa katika boma lile, na kila mmoja ananiambia kwamba nyanya ndiye aliyemfundisha kutia mrenda.

Mama alikwangua uji wangu wote na kuanza upya. Alipaka huku akilia, na machozi hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imejaa samadi. Mimi nilimshikia debe na kumwuliza kila alichokifanya, na kila swali alinijibu. Ile rangi ya bluu aliitumia tena. Alisema ni nzuri, nimeipata wapi?

Baba alifika jioni ya mkesha, shangazi akiwa naye, tayari kwa yale maneno ya Marachi. Walisimama uani. Baba alitazama ukanda mweusi, akatazama mawimbi ya vidole vinne, mapana kuliko ya vidole vyangu.

"Ni nani amewapakia?" shangazi akauliza.

Mama alitoka na mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Mwenye nyumba," akasema. "Na tafadhali wifi, usiegemee hapo. Bado mbichi."