Bega la Kuazima

Kabanyana alikuwa mtu wa kupiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Pale Beechmont, kusini mwa jiji la Louisville, Marekani, watu wa kwao walimtania kwamba hata takataka zake hutoka nyumbani zimekunjwa. Hakujali. Alikuwa mjane wa Gatsinzi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika milima ya Kivu Kusini, na yeye mwenyewe alifundisha darasa la sita kabla vita havijawaondoa. Siku hizi alitunza wazee majumbani kwao huko Shively, akiwaogesha na kuwalisha, lakini jina la nyumba ya Gatsinzi lilisimama palepale. Hakuna mtoto wake aliyewahi kutajwa vibaya kanisani. Hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwake bila kunywa maziwa.

Nzigire, binamu yake wa Buffalo, alipopiga simu Jumatatu asubuhi, Kabanyana alijua tu kuna jambo. Nzigire hakuwa mtu wa kuziacha habari zipoe.

"Dada, bon, umekaa au umesimama?"

"Nimesimama. Namkaangia mzee wangu yai."

"Kaa kwanza. Nakutumia video. Lakini usiseme ni mimi niliyekutumia."

"Nani mwingine angenitumia, Nzigire?"

Video ilikuwa fupi. Ufuko wa mawe madogo, mashua zimepambwa kwa vibendera, watu wamejaa hadi majini. Katikati yao wanawake waliovaa mashati meupe walikuwa wamebeba begani jukwaa zito la mbao lililofunikwa maua, na juu ya maua imesimama sanamu ya Bikira Maria mwenye vazi la kahawia. Wakaingia nalo baharini, maji yakawafika kiunoni, huku umati ukipiga vigelegele. Katika safu ya mwisho, nguo zimemganda mwilini, mti wa jukwaa juu ya bega la kulia, alikuwa Hadassa.

Yai likaungua.

Hadassa, kitinda mimba wake, alikuwa amekwenda Hispania mwaka uliotangulia kusaidia kufundisha Kiingereza katika shule ya kijiji kimoja cha wavuvi, pwani ya kusini. Alipanga chumba kwa mjane aitwaye Remedios. Mwaka mzima Kabanyana alikuwa akikiona kijiji kile kupitia simu, na moyoni alikipenda, ingawa hakukubali kulisema. Alimwona Remedios akianika pweza kwenye kamba kama mtu aanikaye soksi, akipanga dagaa kwenye chungu, tabaka la samaki, tabaka la chumvi. Januari watu waliovaa kifalme walipita juu ya gari la kukokotwa wakiwarushia watoto peremende. Februari milozi ilichanua kwenye vilima vikavu. Juni wakawasha mioto ufukweni. Hapo Kabanyana aliuliza, "Na wewe uliuruka huo moto?" Hadassa akacheka, "Mama, nilichoma viazi tu." Mama akalala usingizi.

Sasa usingizi ungetoka wapi? Jumamosi ile wazee wa Rutebuka walikuwa wanakuja kutoka Gahanna, karibu na Columbus, kumwomba Hadassa awe mke wa kijana wao Zabroni. Kwa desturi binti haonekani siku ya kuombwa, kwa hiyo kuwa kwake ng'ambo hakukuharibu kitu. Lakini Rutebuka, kiongozi wao, alikuwa mzee wa kanisa la Kipentekoste, mtu aliyewahi kuondoka harusini kwa sababu keki ilikuwa na sanamu ya bibi na bwana harusi. Mwalimu mwenzake Hadassa ndiye aliyeweka video ile mtandaoni, pamoja na jina lake. Kufikia saa ya chakula cha mchana ilikuwa imezunguka makundi ya kanisa kutoka Buffalo hadi Columbus.

Jioni akaja Nestori, mdogo wake marehemu Gatsinzi, ambaye ndiye angesema kwa niaba ya nyumba siku ya Jumamosi. Hakuketi.

"Shemeji, hili dogo. Tutasema si yeye."

"Jina lake limeandikwa pale, Nestori."

"Majina yanafanana. Nyuso za kwenye simu zinafanana. Wakiuliza, nitasema huyo si mtoto wa nyumba hii, basi. Nani atapanda ndege kwenda kuhakikisha?" Akacheka peke yake. "Wewe utanyamaza tu. Siku hiyo mwanamke hasemi, kwa hiyo hata dhambi hutakuwa nayo."

Kabanyana hakujibu ndiyo, hakujibu hapana. Nestori akaondoka akiwa amesikia ndiyo.

Kesho yake, mzee wake wa Shively alipojilaza baada ya chakula, Kabanyana aliketi ndani ya gari na kumpigia binti yake. Kule ilikuwa jioni. Nyuma ya Hadassa ukuta mweupe ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa.

"Umeiona," alisema Hadassa kabla ya salamu.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeacha imani ya baba yako?"

"Sijaacha kitu. Sikuiabudu. Nilibeba."

"Kuna tofauti gani kwa mtu anayetazama kutoka Columbus?"

Hadassa akasogeza simu. Remedios alikuwa kwenye kiti, goti limefungwa bendeji nene, akimenya vitunguu saumu. Akapunga mkono wenye kisu. Hadassa akaanza kueleza, taratibu, kama mtoto asomaye somo mbele ya mama yake mwalimu. Kule, kila nafasi chini ya jukwaa lile ni ya nyumba fulani. Nyumba ya Remedios imekuwa na bega katika safu ya mwisho tangu bibi yake. Mwaka huu alifanyiwa upasuaji wa goti. Mwanawe yuko Ujerumani, aliahidi kuja na mkewe, hawakuja. Nafasi ikibaki wazi kijiji kizima kinaiona, na mwaka unaofuata wanapewa watu wengine.

"Siku tatu hakula vizuri, mama. Alikuwa anapiga pasi shati lilelile. Ananiambia hataki watu waseme nyumba ya marehemu mume wake imekwisha. Nilikuona wewe. Ningefanyaje?"

Kabanyana alitazama usukani.

"Na baba alibebwa na nani?" Hadassa akauliza kwa sauti ya chini.

Swali hilo halikuhitaji jibu. Kila mtoto wa nyumba ile alikulia nalo. Gatsinzi alipougua milimani, kabla Hadassa hajazaliwa, hakukuwa na barabara wala gari. Mgonjwa hulazwa kwenye machela ya kusuka, na kila nyumba ya njiani hutoa bega. Anayejificha hatazikwa na watu. Siku ile njia ilipita katika vijiji vya watu wa kabila jingine, Wakatoliki wenye rozari shingoni, na uhusiano haukuwa mzuri. Walitoka, wakabeba hadi hospitali. Hakuna aliyeuliza mgonjwa anasali wapi.

"Mama? Baba mdogo atawaambia nini Jumamosi?"

"Hayo ni ya wazee," alisema Kabanyana. Akakata simu, akabaki amekaa. Hakuwa na njia isiyokuwa na shimo. Akisema kweli, ndoa inaweza kuvunjika, na binti aliyeachwa siku ya kuombwa hubaki na doa. Akinyamaza, Hadassa atasikia, maana Nzigire yupo, kwamba mbele ya wakwe mama yake aliacha isemwe kuwa yeye si mtoto wa nyumba ile.

Jumamosi wakaja, magari mawili, wanaume wenye suti na fimbo. Sebule ilinukia nta na samli. Maziwa mgando yalikuwa tayari katika chombo cha mti kilichotoka nao milimani, kimefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Desturi haikuruhusu mtu kunywa kabla ombi halijajibiwa. Utani ulianza vizuri. Wageni walidai wamepoteza ndama, nyayo zimewaleta Beechmont. Nestori akajibu kwamba Beechmont huishiwa hata maegesho, sembuse malisho. Watu wakacheka. Kabanyana, nyuma karibu na mlango wa jikoni, hakucheka.

Kisha Rutebuka akainua fimbo kidogo.

"Kabla hatujaendelea. Tumeona binti amebeba sanamu. Ni wenu?"

Nestori akakohoa. "Mzee, simu hizi zina uongo mwingi. Huyo si mtoto wa nyu—"

"Ni wangu," alisema Kabanyana.

Vichwa vyote vikageuka. Nestori alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema.

"Ni Hadassa wa Gatsinzi. Alimbebea mjane ambaye mwanawe hakuja, ili nyumba yake isisemwe. Hakuiabudu sanamu. Alitoa bega, kama baba yake alivyotolewa mabega na watu wasiosali kwetu. Mkimkataa kwa hilo, mkataeni akiwa wangu. Msimkubali akiwa si wangu."

Rutebuka aliinuka. Wenzake wakainuka. Wakatoka nje.

Dirishani Kabanyana aliwaona wakisimama kando ya magari, fimbo zikipanda na kushuka. Nyuma yake Nestori alikuwa akimnong'oneza maneno makali ambayo hakuyasikia. Mmoja wa wageni alifungua mlango wa gari. Alikuwa anachukua miwani tu.

Walirudi. Rutebuka alikaa polepole.

"Mimi nilibeba machela ujanani," alisema. "Bega hili halikupona. Kanisa letu litapiga kelele, mama, na sijui nitalituliza vipi. Binti akirudi, aje Columbus aseme mwenyewe kama ulivyotuambia wewe. Si kutubu. Kueleza. Wakimsikiliza, tutarudi kutaja ng'ombe wa mahari. Wasipomsikiliza..." Akanyoosha mkono. "Lakini mimi nina kiu."

Kabanyana alifunua chombo, akamimina maziwa. Rutebuka akanywa, na wageni wote baada yake. Nestori hakugusa. Alivaa kofia yake, akaaga wageni tu, akatoka.

Simu mfukoni mwa Kabanyana ilikuwa ikitetemeka bila kukoma. Huenda alikuwa Nzigire, au Hadassa. Hakuitoa. Alikichukua kikombe cha Nestori, kimejaa vilevile, na kwa kuwa katika nyumba ya Gatsinzi maziwa ya siku ya ombi hayamwagwi, akayanywa yeye, amesimama, mbele ya wakwe.