Mupini ya frene ya papa

Shiye benye tulikomalia mu banyumba ya kampuni pale Dilala tunajua: enzi zetu mutu alikuwaka anajulikana na mupini ya shoka yake.

Papa wangu alikuwaka menizye, fundi wa mbao. Mupini yake ilikuwa ya frene, muti mweupe wa Ulaya, ilifikaka na treni kupitia Dilolo. Alinionyeshaka nyuzi ya ule muti: inatembea moja kwa moja, kutoka kichwa paka mukia, kama mistari mu kaye ya kuandikia ya mutoto wa akili. Kaye yangu haikukuwa vile, njo maana masomo ilinishindia mu mwaka ya tano. Ukipiga, frene inapinda kidogo, inarudia, mukono hauumi. Lakini inaogopa maji na muchwa.

Siku moja papa akaniambia: «Mado, shoka hailale inje. Unasikia?»

Nilisikia muzuri, nikaenda kucheza nzango, ule muchezo ya banamuke ya kuruka na kupiga makofi. Mvula ikapiga siku tano. Kukuta shoka inyuma ya nyumba ya kuku, muchwa bamekula mupini, imebakia kama biskwiti.

Mi nikalia. Majirani balikuwa banamucheka papa juu anafundisha mutoto mwanamuke kazi ya mbao, na sasa mi mwenyewe nimebapatia haki. Nikachonga mupini ingine ya mulombwa, muti ya pori ya kwetu: nyekundu, muzuri, laini ku kisu kama sabuni. Nikaipakaa mafuta. Papa akapiga mara moja tu. Mupini ikavunjika, kichwa ya shoka ikaruka paka mu sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya mama.

Mama akasema polepole: «Aksanti, nyama imefika.»

Papa hakunipiga. Akaokota kipande.

«Ulitazama rangi. Haukutazama nyuzi.»

Akainama, akatosha chini ya kitanda kipande yake ya mwisho ya frene. «Ukiharibu hii, njo mwisho ya masomo.»

Nilifuata nyuzi siku tatu, bila nzango. Papa akapasula kuni mbele ya majirani bote, akatazama mukono yake, akabaambia: «Ni Mado njo amechonga.»

Leo bijana banauzisha ku soko mipini ya rangi-rangi. Inapendeza mu picha, inavunjika mbele saa sita ya muchana ifike. Ukibauliza nyuzi, banatazama telefone.

Papa alishaenda. Mupini yetu imekuwa nyeusi na jasho, iko na kashimo mahali alikuwaka anaweka kidole gumba. Gumba yangu inaenea mule sawasawa. Na mivi yangu yote hii ku kichwa, mvula ikianza, ninakimbia kwanza ku shoka. Manguo yenye kuanikwa itangoja.