Mstari Mguuni kwa Mzee Hamadi

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya kisukari hapa Kigali, Muuguzi Mkuu hakunikabidhi sindano. Alinikabidhi kipande cha uzi mgumu wa nailoni wenye mpini. Nilidhani ananitania!

"Mgonjwa afumbe macho, umguse nao kwenye unyayo," alisema. "Asiposema 'nasikia', hapo ndipo kazi yako inaanza."

Nyinyi vijana mnaosomea uuguzi mtaona ni jambo dogo. Sukari ikikaa juu miaka mingi huua hisia za miguu, na mguu usiohisi haujui kujitetea. Chuoni nilikariri tu. Aliyenifundisha ni Mzee Hamadi, fundi cherehani wa Rwezamenyo.

Alikuja Jumatatu moja akicheka. Ijumaa alitoka msikitini na viatu vya mtu mwingine, vyeusi kama vyake, akashinda navyo siku nzima. Jumamosi akavivaa tena! Mwenye viatu alipovifuata ndipo wakagundua kwamba ni vidogo kwa namba mbili.

"Muganga, watu ya mtaa wananicheka," aliniambia. Huku hata muuguzi huitwa muganga. "Lakini mimi iko sawa. Haiumi hata kidogo."

Nilimvua soksi. Kando ya dole gumba palikuwa na kidonda chenye usaha, na wekundu ulishaanza kupanda. Nilimgusa kwa uzi wangu kila mahali, akanyamaza tu. Niliogopa sana.

Daktari wa Upasuaji, bwana mkali aliyesoma udaktari kwa Kifaransa, alikunja uso. "Hana hisia, alishawahi kupata kidonda, sukari iko juu, na sigara anavuta. Madamu, tukate dole leo ama goti wiki ijayo."

Mzee Hamadi aliacha kucheka. "Cherehani yangu ni ya kukanyaga," alisema polepole.

Niliweka vidole nyuma ya kifundo chake. Mapigo yalikuwepo! "Dokta, damu inafika. Gusa hapa."

Akagusa. Akapima kina cha kidonda kwa kifimbo cha chuma, hakikugonga mfupa. Akachomoa kalamu, akachora mstari pale wekundu ulipoishia. "Siku tatu. Wekundu ukipita hapa, nakata."

Siku tatu hizo! Tulisafisha kidonda, tukampa dawa za kuua vijidudu na insulini, na mguu ule haukukanyaga chini hata mara moja. Aliswali akiwa ameketi. Kila asubuhi nilikimbilia kitandani kwake kabla hata ya kuvaa koti. Siku ya tatu wekundu ulikuwa umerudi chini ya mstari, upana wa vidole viwili. Nilipiga kelele wodi nzima ikaamka.

"Madamu, hapa si uwanja wa mpira," Daktari alisema, naye anashindwa kuficha meno.

Sasa nimestaafu, nakaa Kabeza. Siwafichi, miguu mingi niliipoteza: mingine damu ilishakoma kufika, mingine ililetwa baada ya wiki za majani ya kienyeji, au figo zilishachoka. Nikiwakumbuka wenyewe bado naumia. Lakini wiki ile Mzee Hamadi aliporuhusiwa, nilifungua mlango wa kliniki nikamkuta benchini na wenzake saba wa msikitini, wote watu wa sukari, ambao hakuna aliyewahi kutuonyesha unyayo wake.

Wote saba walikuwa wameshavua viatu.