Kamera Iliyojipiga Yenyewe

Mtandaoni watu elfu thelathini walimwita Mwalimu wa Picha. Nyumbani mkewe alimwita Baba Mapacha, na mtaani aliitwa Mpigapicha tu, japo harusi yake ya mwisho ilikuwa imepita miaka miwili. Siku hizi bibi harusi akiingia ukumbini simu mia zinanyanyuka, na mpigapicha aliyelipwa anabaki kupiga visogo vya watu. Alipochoka na visogo akahamia mtandaoni kufundisha wengine. Ndiyo dunia: aliyeshindwa kuuza mkate hufundisha kuoka.

Kisha duka moja la kamera likamkabidhi kamera ndogo ya fulfremu aisifie, na akiisifia vizuri ibaki kuwa yake. Kamera yenyewe tusiidhulumu. Ilienea kwenye mfuko wa koti, na bado, kwa kuwa ni fulfremu, ndani yake kulikuwa na kihisi cha kunasa picha kikubwa kama cha zile kamera nzito za kuvunja shingo. Ukipiga kitambaa, unahesabu nyuzi. Lakini kujirekodi mwenyewe ukiongea ilikuwa kazi nyingine, maana kioo chake hakigeuki mbele, hujioni. Mara ya kwanza uso wake ulitoka ukungu, na pazia la nyuma likang'aa kama ndilo lililokuwa na neno la kusema. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alijikata kichwa. Mkewe, aliyekuwa anasubiri sebule iishe kazi ili atandike meza ya chakula, akasema si nikupige na simu yangu tu tumalize.

Akampiga mara moja, ikatoka safi. Na ndani ya video hiyo ya simu, Mwalimu alikuwa ameinua ile kamera kwa mkono wa kulia, akisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Video hii mnayoitazama imepigwa na hii kamera hapa. Simu ni ya kupigia, jamani. Ukitaka kazi, nunua kifaa cha kazi."

Watu elfu thelathini, macho elfu sitini, na hakuna aliyeuliza lolote. Mkewe alimwambia siku ileile aiondoe sentensi ile. Akajibu kwamba ni biashara, kila mtu anafanya. Mkewe akanyamaza, maana aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha hapigi kelele.

Jumamosi moja alasiri mdogo wa mkewe akaja. Huyu alikuwa mshonaji, mwenye kibanda chenye mashine mbili: cherehani ya kawaida na ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Magauni yake aliyaonyesha mtandaoni kwa simu, akiyavaa na kuyaeleza mwenyewe, na wateja walikuwa wanakuja. Aliingia amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha satini. Akakifungua taratibu. Ilikuwa kamera ileile, aina ileile, hadi rangi.

Akaeleza huku anacheka kidogo kwamba aliitazama video ya shemeji yake mara nyingi hadi akaikariri, kisha akauza ovaloki na kuongeza akiba yake yote. Sasa kingo anafunga kwa sindano na uzi. Ila ana shida ndogo: kila akijirekodi, uso unakuwa ukungu na pazia la nyuma ndilo linalotoka vizuri.

"Labda mimi ni mzito wa kuelewa," alisema. "Ndiyo nimekuja unifundishe, shemeji."

Mwalimu aliijua shida ile kama anavyoujua mlango wa nyumba yake, na hakuwa na dawa yake. Badala ya kusema hivyo, akaanza kufundisha. Akamfundisha mwanga wa dirishani, akamfundisha kupiga gauni likiwa limetundikwa, na picha zikatoka nzuri kweli, kila mshono unasomeka. Yote aliyoyasema yalikuwa ya kweli, na kila la kweli lilimchoma zaidi, kwa sababu shemeji yake aliyaandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja, kwa mwandiko wa mtoto mtiifu wa shule. Hakuwa amekuja kwa ajili ya gauni lililotundikwa. Wateja wake hununua baada ya kuliona gauni linatembea na yeye analielezea.

Mkewe akaja na chai, akaweka sinia, akakaa. Simu yake akaiweka mapajani.

Mshonaji akafunga daftari. Akasema limebaki swali moja tu, na asichekwe.

"Pale kwenye video unapoinua kamera mkononi, na huku inakupiga. Ule mtindo unaufanyaje? Nimejaribu na kioo, imekataa."

Hakukuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa ameegemea mbele, kalamu mkononi, anasubiri kuelezwa. Mwanamke huyu alikuwa amekesha mbele ya kioo cha kibandani akitafuta ujuzi ambao haupo, akijiona mjinga kwa kuukosa. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani, lakini mwongo akifika ukutani hujaribu kupanda.

"Nilikuwa na mbili," alisema.

Mkewe aliinua kichwa.

Uso wa mshonaji ukafunguka kwa nafuu. Kumbe! Ndiyo maana. Basi hakuwa mzito, ila alikuwa na moja pale zinapotakiwa mbili. Akafikiri kidogo, akasema kwamba kuna jirani anaiulizia ile cherehani iliyobaki. Akiitoa, kwa miezi michache anaweza kuwa anaazima mashine kwa watu hadi mambo yanyooke.

Alilisema hilo kwa wepesi, kama mtu anayepanga safari ya sokoni. Mwalimu alijionea haya kiasi cha kushindwa kuiangalia hata mikono yake mwenyewe.

"Usiuze," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Hakukuwa na mbili. Ilikuwa simu."

"Simu gani?"

Lakini mshonaji alikuwa tayari ameangalia mapajani mwa dada yake.

"Nani alikuwa ameishika?"

Hapo Mwalimu akataka angalau kitu kimoja kiwe juu yake peke yake. Akasema aliiegemeza kwenye vitabu.

"Mimi," mkewe akasema. "Niliishika mimi. Na ulipoanza kuulizia bei nilijua, nikanyamaza."

Mshonaji hakulia wala hakupandisha sauti. Angelitukana, Mwalimu angelipata pa kushika. Alichofanya ni kuikunja kamera ndani ya satini, kona kwa kona, kwa vidole vilivyotobolewa na sindano, kisha akasimama. Mwalimu akaanza kuomba msamaha, maneno yakagongana. Akaahidi kumsaidia kuiuza kamera, kumtafutia ovaloki nyingine, kuiondoa ile video leo hii.

"Nimekusikia, shemeji," alisema mlangoni. "Mimi nilikuwa na pa kuja kuuliza. Wenzangu wa huko mtandaoni watauliza wapi?"

Akamuaga dada yake bila kumshika mkono, akaenda.

Mwalimu alibaki sebuleni. Mkewe akamnyooshea simu yake, ileile iliyoipiga na kuipandisha video, akaondoka na sinia. Aliifungua ile video ili aifute, na kidole kikasita juu ya maoni, mamia ya maoni ambayo alikuwa akiyapitia kila asubuhi kwa furaha ya mtu anayesifiwa. Akayasoma upya. Mmoja aliuliza lenzi. Mmoja alimwombea baraka. Mmoja, wa wiki tatu nyuma, asiye na picha yoyote kwenye jina lake, aliandika kwamba yeye ni kinyozi, anatengeneza video za mitindo ya nywele kwa simu, na kwamba baada ya kumsikiliza Mwalimu ameuza kiti cha saluni na vioo vyake vyote.

Chini yake lilikuwepo jibu la Mwalimu mwenyewe: "Hongera sana. Hutajuta."